Naombeni ushauri: niko kwenye mashine ya figo, nasubiri kupandikizwa, wameniandikia kipimo cha kamera

Subira Njema
Habari zenu wakuu. Figo zangu zilishindwa kazi na sasa nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dada yangu amejitolea kunipa figo moja, na vipimo vyake vinakwenda vizuri. Upande wangu kimebaki kimoja tu, kolonoskopi, ile kamera ya kupitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Umri wangu miaka 52.

Karatasi ya maandalizi inasema ninywe lita 4 za dawa. Lita 4! Mimi nimewekewa lita moja ya maji kwa siku, na nikizidisha kidogo tu usiku nalala nimekaa kwa kukosa pumzi. Swali langu ni dogo: kuna mtu humu alikubaliwa kupandikizwa kwa kipimo cha choo pekee, bila kamera? Nasikia kipo kinachotafuta damu kwenye choo na kinatosha. Nijibuni mapema, tarehe imekaribia.

Kigoda
Pole sana mkuu. Kamera yenyewe wala usiiogope, unachomwa dawa ya usingizi, ukizinduka unaambiwa tayari. Shughuli ipo usiku wa kuamkia kipimo. Hamia chooni mapema, na chaja ya simu usiisahau.

Mama wa Wawili
Mume wangu alipitia haya, ila yeye alikuwa anasafishiwa tumboni, siyo kwa mashine. Siku ya kipimo alitakiwa amwage maji yote ya tumboni kabla hajaondoka nyumbani, na anywe antibayotiki kwanza, kwa sababu bakteria wa utumbo wanaweza kupenya na kuleta maambukizi kwenye utando wa tumbo. Hiyo antibayotiki ni mimi niliyeiulizia, yeye alikuwa amejikalia kimya tu. Jamani ulizeni, msione aibu. Najua hali yako si hiyo, lakini atakayepita hapa baadaye itamsaidia.

Nesi wa Zamu
Mleta uzi, nafanya kazi kwenye kitengo cha kusafisha damu. Nianze na hizo lita 4. Kama dawa uliyoandikiwa ni ya polietilini glaikoli, sehemu kubwa yake haifyonzwi na mwili. Inapita utumboni na kutoka ilivyo, kwa hiyo si sawa na kunywa lita 4 za maji. Za kuogopa wewe ni zile za chupa ndogo ambazo wengi wanazikimbilia kwa sababu ni rahisi kunywa: zenye fosfeti ya sodiamu na zenye magnesi. Mwenye figo nzima anazitoa kwenye mkojo. Kwako zinabaki kwenye damu, na hapo moyo unaweza kuvurugika mapigo. Usizikubali hata akikupa mtu mwenye koti jeupe, mpaka daktari wako wa figo aseme.

Pili, kipimo kiwe kesho yake baada ya mashine. Utakuwa kwenye uzito wako mkavu, yaani bila maji ya ziada, potasiamu imeshuka, na heparini, ile dawa ya mashine ya kuzuia damu isigande, imeshakwisha mwilini, maana wakikuta kinyama, yaani kiuvimbe kwenye ukuta wa utumbo, watakikata hapohapo. Mkono wa fistula, yaani ule wenye mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, usiguswe, si kwa dripu wala kwa kipimo cha presha. Vidonge vya madini ya chuma waulize uviache lini, kwa kawaida ni siku kadhaa kabla, kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi na cha kunata na kamera haioni vizuri.

Sasa na mimi nina swali. Mtu asiye na dalili yoyote, baadhi ya vituo humwanzishia kipimo cha choo. Wewe kwa nini wamekupeleka kwenye kamera?

Subira Njema
Asante sana nesi, kwenye hiyo dawa umenipunguzia hofu. Kwa nini kamera, nadhani ni utaratibu wao tu. Lakini bado nauliza: nikiwapelekea kipimo cha choo kilicho safi, watakikubali?

Mtembezi
Ndugu yangu, mashine hizi na dawa hizi ndizo zinazowamaliza watu. Kuna majani ya kuchemsha, unakunywa asubuhi na jioni, utumbo unasafika wenyewe na kamera hutaihitaji. Njoo pembeni nikuelekeze.

Nesi wa Zamu
Mtembezi, tafadhali futa hilo. Mchemsho wa majani unaweza kubeba potasiamu nyingi, na mtu wa mashine potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama bila hata kumpa nafasi ya kuita mtu.

Subira, hujanijibu. "Kilicho safi" unamaanisha nini? Umeshapima choo?

Subira Njema
Nimepima, ndiyo. Walianza nacho hichohicho, kikatoka na damu, ndipo wakaniandikia kamera.

Lakini nisikilizeni kabla hamjanishambulia. Choo changu ni kigumu siku zote, maji nakunywa kidogo na vile vidonge vya kufunga fosfeti vinakausha. Bawasiri ninayo tangu zamani. Na sampuli niliitoa siku moja baada ya mashine, nikiwa nimewekewa heparini. Damu itakosekana vipi hapo? Nimeshapanga kurudia maabara nyingine, kikitoka safi nawapelekea hicho. Dada yangu hajui. Ameacha mambo yake mengi kwa ajili yangu, nikimwambia kuna damu atakata tamaa, na madaktari watasimamisha kila kitu. Kurudia kipimo sioni ubaya wake.

Kioo
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo anauliza kama kipimo cha choo kinatosha, kumbe ameshapima. Halafu nimepitia nyuzi zake za nyuma, kwenye ule wa kukosa usingizi alisema anaamka usiku kwenda kukojoa. Mtu ambaye figo zimekufa anakojoa nini? Sasa kaingia dada, kaingia damu, tarehe imekaribia. Subirini, kinachofuata ni namba ya michango.

Kigoda
Duh. Kama ni chai basi ina tangawizi. Mleta uzi njoo ujibu.

Figo Moja
Kioo, usichokijua uliza. Mimi nilikuwa kwenye mashine na nikawa nakojoa. Wengi wetu mkojo unaendelea kutoka, hasa miaka ya mwanzo. Unatoa maji kiasi lakini hauondoi sumu ya kutosha, ndiyo maana mashine inabaki palepale.

Subira Njema
Sijaomba hela ya mtu na sitaomba. Nakojoa, kidogo, na nashukuru kwa hicho kidogo. Anayedhani natunga aje alale upande wa mkono wangu wa kushoto asikie fistula inavyovuma usiku. Au aje nikiwa nakaribia kutolewa kwenye mashine, misuli ya mguu inapojikaza mpaka nesi anaikandamiza kwa mikono miwili. Jibu la choo nililificha kwa sababu nilijua mtasema nini.

Figo Moja
Nakuamini, na kwa sababu nakuamini sitakubembeleza.

Heparini ya mashine inakwisha ndani ya saa chache, sampuli ya kesho yake huwezi kuisingizia. Bawasiri inaweza kutoa damu, kweli, lakini huwezi kujua kama ni yenyewe mpaka mtu aangalie ndani. Na kurudia hakufuti la kwanza, kwa sababu kinyama au uvimbe hautoi damu kila siku. Ukipata jibu safi utakuwa umepata siku ambayo haukutoa damu, basi.

Mimi walinikuta na vinyama. Walivikata palepale, majibu ya maabara yakasema si saratani, nikaendelea na safari yangu na leo naandika hapa nikiwa na figo ya mtu mwingine. Kukutwa na kinyama si kufutwa. Ikiwa ni saratani, ndiyo, watakusubirisha, mara nyingi miaka 2 hadi 5 kutegemea imefika wapi. Inauma, sikudanganyi. Lakini fikiria upande wa pili. Ukishapandikizwa utameza dawa za kushusha kinga kila siku, na kinga hiyohiyo ndiyo inayowinda seli za saratani. Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa, Boston mwaka 1954, Richard Herrick alipewa figo na Ronald, pacha wake wa kufanana, kwa hiyo hakuhitaji dawa hizo. Wewe dada yako si pacha wako, utazihitaji. Uvimbe ulioufumbia macho leo utaulea kwa dawa zako mwenyewe.

Mama wa Wawili
Na huyo dada atapasuliwa akiwa mzima, haumwi chochote. Anafichwaje? Mimi ningekuwa yeye nikaja kujua baadaye, kisingeniuma kidonda cha upasuaji, kingeniuma kwamba hukuniamini. Kaka yangu alitufanyia hivyo na mpaka leo hatujakaa sawa.

Kioo
Hilo la mkojo sikulijua, samahani mkuu. Tarehe yenyewe ni lini?

Subira Njema
Jumatatu asubuhi. Mashine wamesema nitakwenda jioni, nikitoka kwenye kipimo.

Nesi wa Zamu
Jumatatu? Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote kwako. Toka Ijumaa hujasafishwa, ndilo pengo lenu refu, maji yamejaa na potasiamu iko juu. Halafu jioni ukiwa umeharisha usiku kucha na dawa ya usingizi imo mwilini, presha itashuka kwenye mashine, na presha ikishuka sana fistula inaweza kuganda. Piga simu kwa mratibu wa upandikizaji leo, mwombe Jumanne au Alhamisi. Na ukiwa naye kwenye simu mwambie kuhusu hiyo maabara nyingine.

Subira Njema
Nimepiga. Wamenihamishia Jumanne, saa nne asubuhi. La maabara sikulitaja, na miadi yao sijaifuta. Msinisukume kwa yote siku moja. Niambie tu, dawa ya kusafisha nianze saa ngapi? Na za presha ninywe asubuhi hiyo?

Nesi wa Zamu
Kama hawajakupa saa zao, gawa mara mbili. Nusu Jumatatu jioni baada ya mashine, nusu ya pili anza saa kumi alfajiri, umalize kabla ya saa mbili. Ikiwa ya baridi inanyweka vizuri zaidi. Za presha daktari wako ndiye aamue ipi uiache, mweleze presha yako inavyokuwa ukitoka kwenye mashine. Na uwe na mtu wa kukusindikiza, ukishapewa dawa ya usingizi hawatakuruhusu kuondoka peke yako. Nani anakwenda nawe?

Subira Njema
Dada. Anajua tarehe imebadilika, hajauliza kwa nini. Nitamwambia kabla ya Jumanne.

Kigoda
Tunasubiri mrejesho mkuu.