Simu, navigesheni ya kubandika au kitabu cha ramani?

SWALI

Wapendwa, habari za mchana na poleni na majukumu.

Nimepata leseni ya huku ughaibuni wiki tatu zilizopita. Gari nililonunua ni la zamani, halina skrini, lina redio tu. Mwisho wa mwezi natakiwa kuendesha kwa muda wa saa sita hivi kwenda kwa dada yangu, na nusu ya njia hiyo sijawahi kuipita hata kwa basi. Mume wangu anasema tununue ile navigesheni ya kubandika kwenye kioo, kile kimashine cha kuonyesha njia. Mimi naona simu ninayo, ya nini kutoa hela nyingine? Halafu kuna mzee mmoja kazini kwetu hatoki bila kitabu cha ramani chini ya kiti, na sijawahi kusikia kapotea.

Ninyi mlionitangulia barabarani mnatumia nini? Na je, ni kweli mtandao ukikatika GPS, ile inayoijulisha simu mahali ilipo, nayo inakufa? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

JIBU

Dada, simu inatosha. Nina miaka minane huku na sijanunua kingine. Programu ya ramani, Google Maps au Waze, kishikio kizuri, kebo ya chaji, basi. Ukikosea njia inakupangia nyingine kabla hujamaliza kumlaumu aliyekaa pembeni.

JIBU

Mdogo wangu, hongera kwa leseni. Huyo aliyetangulia kasema kweli kwa mtu anayezunguka mjini. Mimi naendesha vani ya vifurushi, huu mwaka wa kumi na moja, usiku kuliko mchana, na garini nina vyote vitatu. Kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Nianze na usingizi wako. GPS haitumii intaneti. Setilaiti zake ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinatangaza tu kama kituo cha redio, na simu kazi yake ni kusikiliza. Ikizisikia nne, inajua ilipo. Haitumi kitu huko juu wala haili bando. Kinachokufa mtandao ukikatika ni vitu viwili vingine: picha ya ramani, maana simu huivuta kipande kwa kipande kadiri unavyokwenda, na habari za foleni. Ndiyo maana unakiona kile kidoti cha bluu kinaendelea kutembea juu ya ukijivu mtupu. Kidoti hakijapotea. Hakina ramani tu ya kukuonyesha.

Kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado nyumbani kwenye Wi-Fi. Google Maps inakuruhusu kuchagua eneo na kulihifadhi. Hakikisha ule mstatili unafunika njia nzima, si mji unaokwenda peke yake, maana watu wengi hukosea hapo. Ramani hizo zina tarehe ya kuisha, usizipakue leo ukazikumbuka mwakani. Waze ni mtoto wa mtandao: ukianza safari mtandao ukiwepo itakufikisha, lakini ukiizima na kuiwasha tena katikati ya pori haikutafutii njia. Ziko pia Organic Maps na OsmAnd, zinazotumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Unaingiza nchi nzima kwenye simu na inafanya kazi hata bila laini. Kwa foleni usizitegemee. Mimi ninayo moja, naichukulia kama tairi la akiba.

Bila mtandao simu huchelewa pia kujipata mara ya kwanza, kwa sababu siku zote mtandao ndio unaoinong'oneza setilaiti gani ziko wapi. Simama pa wazi, si chini ya paa la kituo cha mafuta, subiri dakika moja au mbili, ndipo uondoke.

Sasa lile ambalo matangazo hayasemi. Simu pahali pa wazi hukosea kwa mita 4.9 hivi. Unaona ni kidogo, mpaka ufike mahali barabara kuu na barabara ya pembeni zinakwenda sambamba, katikati kuna ukuta mwembamba tu. Sauti inakwambia nenda moja kwa moja kilomita kumi na mbili, na wewe mbele yako kuna kipilefti. Imekuweka barabara ambayo hauko. Hapo amini macho yako. Kati ya majengo marefu ni vibaya zaidi, mawimbi yanagonga kuta kabla hayajakufikia. Ndani ya handaki hakuna setilaiti kabisa, mashine inakisia kwa mwendo uliokuwa nao. Handaki likiwa na njia panda ndani yake, soma vibao kabla hujaingia.

Navigesheni ya kubandika mimi sijaitupa, na sababu ni lori moja. Nilimsaidia jamaa yangu kuhama nyumba. Tukakodi lori dogo la mizigo, nami kwa mazoea nikaweka simu kwenye kioo tukaondoka. Saa tano usiku, mvua, simu ikanipa njia ya mkato ya kuokoa dakika nne. Naingia, nyumba pande zote mbili, mbele kwenye daraja la reli naona kibao cha duara jekundu, ndani yake 3.0. Lori letu lilikuwa mita 3.2 kwenda juu. Kibandiko cha urefu kilikuwa juu ya kioo, usawa wa macho yangu, na sikuwa nimekisoma tangu asubuhi. Nyuma yangu magari matatu. Nilirudi kinyumenyume mpaka njia kuu, jamaa yangu akitembea nyuma kwenye mvua na taa ya simu, akiwaomba watu radhi kwa lugha yao aliyokuwa na miezi minne tu akijifunza.

Programu nyingi za simu huchukulia kwamba una gari dogo. Garmin na TomTom wana navigesheni za malori, unaiambia urefu wa kwenda juu, uzito, hata aina ya mzigo, nayo haikupitishi chini ya daraja kama lile. Wewe una gari dogo, hilo halikuhusu leo. Litakuhusu siku mtakapokodi lori la kuhamia, na sijamwona ambaye hajahama huku.

Faida nyingine za kile kimashine ni ndogo ndogo: ramani ziko ndani yake tayari, hakipigiwi simu ukiwa kwenye njia panda, na kwenye jua la mchana huvumilia kuliko simu. Apple wenyewe wanasema iPhone ni ya kutumika pahali pasipozidi nyuzi 35, na nyuma ya kioo cha mbele, jua limekuelekea, huku inachajiwa, nyuzi hizo zimeshapitwa zamani. Itafifisha mwanga, halafu itazima. Iweke mbele ya tundu la hewa baridi, si juu ya dashibodi.

Ukinunua navigesheni ya mtumba, kuwa mwangalifu. Mfumo wa GPS huhesabu wiki, ikifika 1,024 inaanza upya sifuri. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kuna mashine za zamani ambazo hazikupewa marekebisho, tarehe zikaharibika na muda wa kufika ukawa wa kuchekesha. Iwashe mbele ya muuzaji, tazama tarehe, tazama ramani ni ya mwaka gani, ndipo mzungumze bei.

JIBU

Shikamoo kaka, hapo kwenye lori nimecheka peke yangu kwenye treni.

Niongeze kidogo kuhusu foleni, kwa vile watu hudhani kuna kamera inayotazama barabara. Ile mistari myekundu hutokana na simu zenyewe. Simu nyingi zikitambaa sehemu moja, kompyuta inasema hapa pameziba. Mwaka 2020 msanii mmoja, Simon Weckert, alionyesha video akikokota kigari chenye simu 99 kwenye barabara tupu ya Berlin, na Google Maps ikapaka barabara hiyo rangi nyekundu. Naitaja kwa sababu kinyume chake ndicho kinachotuumiza: barabara ya kijijini isiyo na rangi yoyote haimaanishi iko wazi. Huenda hakuna simu ya kutosha iliyopita hapo, trekta liko mbele na hakuna aliyeliripoti.

JIBU

Dada, mimi sina gari kubwa wala simu ya kisasa, lakini nimevuka mipaka mingi na watoto nyuma, kwa hiyo chukua haya.

Lugha ya sauti: iweke lugha ya nchi unayopita, hata kama unaijua kidogo. Sauti ya Kiingereza ikisoma majina ya mitaa ya Kijerumani, utakachosikia hutakiona kwenye kibao chochote. Kulia, kushoto na moja kwa moja utajifunza kwa jioni moja.

Vipimo: vifanane na vibao vya barabarani. Vibao vikisema maili, weka maili. Nimeshapita njia ya kutokea nikiwa bado nagawanya kichwani.

Tochi: hapa watu wengi hawajui. Zile tahadhari za kamera za mwendo ambazo programu inakupa zinaruhusiwa nchi moja na kukatazwa nchi ya jirani. Ufaransa, Ujerumani na Uswisi wamezikataza, Uswisi ndio wakali zaidi. Kabla hujavuka mpaka, ingia kwenye mipangilio uzizime. Na simu isishikwe mkononi hata kwenye taa nyekundu. Andika unakokwenda ukiwa umeegesha.

La mwisho ni la aibu. Niliwahi kualikwa harusi, nikaandika jina la mtaa na namba ya nyumba, simu ikanipeleka bila tatizo lolote, nikagonga mlango nimevaa vizuri na zawadi mkononi. Akatoka mzee na taulo begani. Mtaa ule ule, namba ile ile, mji mwingine, dakika arobaini kutoka kwa maharusi. Majina ya mitaa hujirudia sana. Andika msimbo wa posta, na kabla ya kubonyeza anza, vuta ramani nyuma mpaka uone mwanzo na mwisho wa safari kwenye kioo kimoja. Ungekuwa unakwenda kaskazini na mstari unakwenda magharibi, utauona.

ANAYEULIZA

Ahsanteni sana, na shikamoo kaka wa vani. Nimepakua ramani na tochi nimezima. Bado sijaelewa jambo moja: kama simu ina ramani ndani na tairi la akiba ndani, kile kitabu cha mzee wa kazini kinabaki na kazi gani? Au ni mazoea yake tu?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, na mimi mwenyewe nilikuwa nauliza hivyo hivyo.

Simu inakuonyesha mita mia tatu zinazokuja. Haikwambii kibao kikubwa kilicho juu ya barabara kitaandikwa nini. Na vibao vya barabara kuu haviandiki kijiji cha dada yako, vinaandika mji mkubwa ulio mbali huko mbele, ambao wewe huendi kabisa. Ndio unaona watu wanababaika kwenye njia panda: mashine inasema shika kushoto, kibao cha kushoto kina jina wasilolijua, na wana sekunde tatu za kuamua kwenye mwendo wa kilomita mia na kumi. Aliyefungua kitabu jana yake anajua kwamba barabara yake inaelekea mji huo. Anashika kushoto mapema na kuendelea na redio.

Fanya hivi. Usiku wa kuamkia safari fungua ramani mezani. Ya vipimo vya 1:200,000 inatosha, sentimita moja ni kilomita mbili. Angalia mwaka wa kuchapishwa ndani ya jalada. Fuata njia kwa kidole. Kisha chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa mistari isiyozidi sita: namba ya barabara, mji mkubwa utakaouona kwenye vibao, namba ya njia ya kutokea. Kisha barabara inayofuata, hivyo hivyo. Karatasi ibandike pembeni ya saa ya mwendo. Kitabu kibaki kwenye kiti cha abiria, na wa kukisoma ni abiria. Ukiwa peke yako, simama kwanza.

Navigesheni ya kubandika usinunue sasa. Mwambie shemeji nimesema hivyo, na akitaka ugomvi anitafute mimi. Hizo hela nunueni kishikio cha maana na kebo ya pili.

ANAYEULIZA

Nimefika jana saa kumi na moja jioni, salama.

Saa ya tatu ya safari mtandao ulikatika kama nilivyoogopa, kidoti kikaendelea, ramani ikawepo, nikatabasamu peke yangu. Baadaye jua likageuka likaja mbele, simu ikafifia, halafu ikaandika kwamba ina joto, ikazima. Nilikuwa nimeiweka juu ya dashibodi, kaka usinikaripie. Nilikuwa kwenye mstari wa nne wa karatasi, zikabaki njia mbili za kutokea. Ya kwanza niliipata. Ya pili niliipita, kwa sababu nilikuwa nimeandika 41 na nikaisoma 47, mwandiko wangu mwenyewe. Nikaegesha, nikafungua kitabu nilichoazima kwa mzee, nikageukia mbele, nimepoteza dakika ishirini.

Kishikio kimeanguka mara mbili. Ni cha kunyonya kwenye kioo, kikipata jua kinaachia. Mwenye cha kubana kwenye tundu la hewa aniambie kama kinahimili simu nzito, narudi Jumapili.