Mashine ya boti inazima ikishapata joto, msaada wakuu

Baba Neema wa Moshi: Wakuu habari za jioni. Boti yangu iko bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa Lang'ata, mashine ni Yamaha ya zamani, tustroki silinda mbili, ya kuvuta kamba, niliinunua mkononi Tanga. Asubuhi inawaka mvuto wa pili tu, natembea kama dakika 20 hivi halafu inakata ghafla kama mtu kazima swichi, navuta kamba mpaka bega linauma wapi, nikikaa nusu saa inawaka kama haijawahi kuumwa. Fundi wa hapa Majengo kaiweka kwenye pipa la maji ikanguruma vizuri akasema nzima hii, nikampa hela yake, kesho yake ikanizimia katikati ya bwawa nimerudi kwa kasia na upepo wa usoni. Plagi mpya zote, kabureta imesafishwa mara mbili.

kasia_moja: Kwenye mfuniko wa tenki la petroli kuna kiskrubu cha kupumulia, umekifungua? Kikifungwa hewa haiingii, pampu ya mkono ile ya kwenye mpira wa petroli inasinyaa mashine inakufa. Usicheke, mimi nilishusha kabureta nzima kwa ujinga huo.

Baba Neema wa Moshi: Kiko wazi mkuu, na ikizima pampu naikuta ngumu imejaa.

Mzee wa Flaiwili: Fundi wako kapima ikiwa baridi, hapo hata mimi ningesema nzima. Petroli ikikata mashine inakohoa kwanza, yako inakata ghafla, huo ni umeme. Siku ikizima usingoje ipoe, hapohapo chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse bloku mbali na tundu la silinda maana mvuke wa petroli unatokea pale, mwenzio avute. Cheche ya bluu inayolia tak tak ni nzima, ikiwa haipo au ya njano imefifia angalia na ya pili. Zote hakuna? Chomoa ule waya mweupe unaotoka kwenye swichi ya kuzimia, cheche ikirudi basi swichi ndio mbovu (kuzima utatumia choki). Isiporudi, loweka kitambaa, kikamue, kifunge kwenye koili (ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) dakika chache. Nyaya za ndani zikipata joto zinaachana, zikipoa zinagusana. Na kwa vile ilitoka Tanga, fungua bolti ya asi ya koili, ile inayoiunganisha na chuma cha mashine, uisafishe, chumvi ya kule haina adabu.

Baba Neema wa Moshi: Mzee shikamoo. Jana imezima tena, cheche hakuna kote, waya mweupe nimechomoa bado. Bolti ilikuwa na kutu ya kijani nikapiga msasa, bado. Kitambaa sasa, mvuto wa tatu ikawaka! Koili naipata wapi, Moshi nimezunguka hamna.

Mzee wa Flaiwili: Marahaba, basi umemkamata mchawi. Agiza Mwanza, kule mashine hizo zimejaa. Muuzaji akutumie picha ya namba ya koili kwanza, na kama ni used ianike juani kabla ya kupima na mita.

kasia_moja: Na kasia usiache nyumbani.