Naomba ushauri: injini ya silinda nne ya gari la mbio za chumvini, 1NZ au 4A-GE?

Ganda_la_Mashua (Malindi)
Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni fundi wa boti za faibaglasi hapa Malindi. Huu mwaka wa pili najenga gari la kukimbia mstari ulionyooka, halina haja ya kona, la kwenye tambarare la chumvi, kama wanavyofanya kule Bonneville, Marekani, na Lake Gairdner, Australia. Ganda nimelitoa kwenye kalibu ya boti: jembamba, pua ndefu, limelala chini. Injini itakaa nyuma ya mwendeshaji. Nataka silinda nne, ndogo, inayopatikana kwetu. Nimebaki na mbili, zote za Toyota: 1NZ-FE ya Probox, cc 1497, au 4A-GE, cc 1587. Usingizi sipati. Nichukue ipi? Naomba majibu ya injini tu, mengine nimeshayapanga.

Mpita_Njia
Kwani Malindi unamkimbiza nani, kaka? Chukua 1NZ. Probox imebeba mbuzi, imebeba mahari, imebeba wagonjwa, na kesho yake asubuhi inawaka.

FundiPistoni (Mombasa)
Swali zuri, na jibu lake lina hesabu. Bonneville magari hugawanywa kwa ujazo wa injini. Daraja la H linaishia lita 1.5, na kutoka hapo hadi lita 2 ni daraja la G. Kwa hiyo 1NZ yenye cc 1497 inaingia H kwa tundu la sindano. 4A-GE imezidi cc 87 tu, lakini hizo 87 zinakutupa kwa wenye lita 2 kamili. Kama unaota siku moja kulinganisha rekodi yako na za wenzetu, cc 87 hizo ni ghali sana.

Upande wa pili, 4A-GE inapenda kuzunguka. Pistoni yake inasafiri milimita 77 kwa kila mpigo, ya 1NZ inasafiri 84.7. Ukiizungusha 1NZ mara 7,000 kwa dakika, pistoni inakwenda wastani wa mita 19.8 kila sekunde. Kwa vyuma vya kiwandani hapo ni mwisho wa heshima, usiombe zaidi.

Sasa nijibu haya kwanza. Uwanja una urefu gani? Silinda zimewahi kuchongwa zikatanuliwa? Tairi gani? Na anayekaa ndani ana kilo ngapi?

Ganda_la_Mashua
Shukrani fundi, umenifungua macho kwa habari ya daraja. Uwanja ni bwawa la chumvi la zamani, kaskazini ya Gongoni, halitumiki tena. Nimelipima kwa kamba, mita 1,400. Mwenyewe amekubali kwa mdomo. Tairi ni za Probox, nzima kabisa. Mwendeshaji ni mwepesi, kilo 51.

Na kusema kweli 1NZ nimeshaitolea arubuni ya sh 20,000. Iko bandani tayari. Nilitaka tu kusikia kwenu kama sijakosea.

Chumvi_Kurawa
Ndugu yangu, mimi nimevuna chumvi miaka 6, ngoja nikwambie habari ya mabwawa. Maji ya bahari yanaingizwa bwawa la kwanza, jua linayakaza, yanahamishwa la pili, la tatu, mpaka yanafika ya mwisho ambako chumvi inaganda. Ukilitazama kwa juu ni jeupe, gumu, utasema ni sakafu ya msikiti. Chini yake ni udongo wa mfinyanzi, na udongo ule haukauki vizuri. Siku moja tuliingiza trekta asubuhi, ikapita salama. Tukairudisha saa nane mchana njia ileile, gurudumu la nyuma likazama hadi kwenye ekseli. Tulilala hapo. Mbu wa kule mnawajua? Wanauma hata juu ya suruali ya jinzi. Nilirudi nyumbani mke wangu akadhani nina tetekuwanga.

Bwawa lisilotumika ndilo baya zaidi. Maji ya mvua yanalilainisha na hakuna wa kulishindilia. Litembelee kwa miguu, mita kwa mita, na msumari wa futi moja mkononi.

Mwana_Amu (Lamu)
Kalibu ya boti! Moyo wangu umefurahi. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, Bill Burke, alichukua tangi la mafuta la ndege ya vita, akatia injini, akaenda kukimbia nalo. Umbo la kupasua hewa ni lilelile la kupasua maji, na sisi watu wa pwani tunalijua tangu mababu. Nenda Matondoni ukaangalie inavyochongwa pua ya jahazi, hapana penye pembe ya bure.

Kuhusu injini sina neno. Ila ganda ulilaze mwangaza wa jioni ulitazame kwa ubavu, kila bonde utaliona.

FundiPistoni
Nimekaa na kalamu. Tuseme ganda lako kwa mbele lina eneo la mita mraba 0.8 na linapasua hewa kwa mgawo wa 0.35 (mgawo ukiwa mdogo, hewa inalikinza kidogo). Kwa kilomita 160 kwa saa, hewa peke yake inataka nguvu ya farasi 19 hivi. Kwa 200, farasi 37. Umeona? Mwendo umepanda robo, nguvu imekaribia maradufu, kwa sababu nguvu inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ongeza za magurudumu na za udongo unaoshika. Hata hivyo 1NZ nzima inatoa farasi 100 na kidogo. Yaani injini unayoipotezea usingizi inatosha na inasaza.

Yanayonitisha mimi ni haya mengine. Kwa udongo wenye mshiko wa 0.4, kusimama kutoka 160 kunataka mita 250. Kutoka 200, karibu 400, na hapo breki ziwe sawa na mwendeshaji asishtuke. Mita 1,400 zinatosha 160. 200 zinabana.

Halafu soma ubavu wa tairi. Tairi nyingi za Probox ya mizigo zina herufi N, na N mwisho wake ni kilomita 140 kwa saa. Tafuta H, inafika 210. Soma na tarakimu nne za mwisho wa namba ya kiwanda: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya mtumba inaweza kung'aa na ndani imeshakufa.

MamaWawili
Nasoma tangu juu. Huyu baba kila mahali anasema "mwendeshaji", hajasema "naendesha mimi" hata mara moja. Kilo 51. Fundi wa boti mwenye kilo 51 sijamwona. Ni nani huyo, baba?

Ganda_la_Mashua
Mama, niliuliza injini.

MamaWawili
Na mimi nimeuliza mtu.

Ganda_la_Mashua
Haya. Ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka 17. Nilipotoa ganda nilitaka liwe jembamba kadiri inavyowezekana, likatoka sentimita 52 mabegani. Mimi siingii, nimejaribu, nakwama kwenye viwiko. Yeye anaingia kama mkono kwenye kanzu. Kijana ni hodari, anaendesha bodaboda tangu ana 14, ana macho makali, na hili gari tumelijenga pamoja, amepiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Akikaa mwingine atalia. Nimeweka mkanda wa kiti wa gari. Mabomba ya kumkinga juu ya kichwa nitaweka ganda likikamilika. Sioni kosa liko wapi. Dada yangu sijamwambia bado, nangoja gari liwake kwanza.

Mwana_Amu
Kwetu Amu mashindano ya punda hupandwa na vijana wadogo, na hakuna anayeita polisi. Mwepesi ndiye anayepanda, ndivyo ilivyo. Msimwonee mjomba wa watu.

MamaWawili
Punda akianguka anainuka. Ndugu yangu alikuwa na miaka 18, na pikipiki haikuwa yake, aliazimwa na mtu aliyempenda. Mtu huyo mpaka leo akituona anavuka barabara. Sisi hatumchukii, ila yeye mwenyewe hawezi kututazama. Baba, mwambie dada yako leo. Usingoje liwake.

Mpita_Njia
Mimi nimeacha kucheka. Faibaglasi inawaka moto, mnajua? Niliona boti ikiungua ufukweni, dakika chache ikabaki jivu na injini. Na huyo mtoto amebanwa mabega.

Tochi_Kali
Mnanishangaza, mnalia na mtu asiyekuwepo. Mwezi wa 3 mwaka juzi huyuhuyu Ganda_la_Mashua aliuliza hapahapa propela ya boti ya mashindano. Leo boti imekuwa gari. Alianza kwa kuchagua injini, kumbe ameshatoa arubuni. Halafu bwawa halina karatasi, mwendeshaji ni mpwa, dada hajui. Kila akiulizwa anatoa jingine. Picha hata moja hakuna. FundiPistoni alimuuliza kama silinda zimechongwa, hajajibu mpaka sasa, kwa sababu injini yenyewe haipo. Hii ni insha ya mtu aliyekaa kivulini.

Chumvi_Kurawa
Hata mimi hapo kwenye bwawa nilisita kidogo. Mabwawa ya zamani ninayoyajua mimi yana matuta katikati. Lakini siyajui yote.

Mwana_Amu
Hata kama ni insha, mambo ya tairi ni kweli. Mimi nimetoka kwenda kusoma zangu. N.

Ganda_la_Mashua
Nimesoma, nikakasirika, nikazima simu. Halafu nikaenda bandani.

Boti ilikuwepo. Aliyeiagiza alishindwa kulipa, kalibu ikabaki kwangu, na propela niliyoiulizia bado imening'inia ukutani. Gari limetoka hapo.

Kuhusu silinda, sikujibu kwa sababu sikuwahi kufungua. Aliyeniuzia aliniambia injini haijaguswa, nami nilitaka iwe hivyo. Leo nimefungua kichwa. Pistoni ya kwanza ilikuwa nyeusi tii. Nimepangusa kaboni kwa kitambaa cha petroli, polepole, ukatokea mshale, kisha tarakimu: 0.50. Ya pili, 0.50. Zote nne. Kijana ndiye aliyekuwa ameshika tochi. Akaniuliza, "Mjomba, hiyo 0.50 ni nzuri?" Sikumjibu.

FundiPistoni, niambie wewe.

Tochi_Kali
Mtu anayetunga hatungi kitu kinachomkata mwenyewe namna hiyo. Naomba radhi, kaka.

FundiPistoni
Hiyo 0.50 ni nusu milimita, silinda zimeshachongwa. Kipenyo cha kiwanda ni milimita 75. Chako sasa ni 75.5. Ujazo umefika cc 1517. Umeshatoka daraja la H, umeingia G, pamoja na ile 4A-GE uliyoikwepa. Na hata zingechongwa robo milimita tu, ingekuwa 1507, umetoka vilevile. 1NZ haina nafasi ya kuchongwa kwa mtu anayetaka H, na 5E, injini nyingine ya Toyota yenye cc 1497, ni hivyohivyo.

Ushauri wangu: rudisha, dai arubuni yako, tafuta 4E-FE ya Starlet. Ina cc 1331, kipenyo 74, mwendo wa pistoni 77.4. Ukiichonga nusu milimita inafika 1350 tu, bado uko ndani ya H na nafasi tele. Kwa 7,000 pistoni inakwenda mita 18 kwa sekunde, inapumua. Ichukue na gia boksi yake na drafshafti zake (shafti za kuzungusha magurudumu), uihamishe yote nyuma kama ilivyo.

Na jambo la mwisho, nimelipigia hesabu mara mbili nisije nikakudanganya. Ukilitanua ganda sentimita 14 ili uingie wewe, kwa kimo cha sentimita 90 eneo la mbele linapanda kutoka 0.80 hadi karibu 0.93. Kwa kilomita 200 kwa saa, farasi 37 zinakuwa 43. Kijana wako anakuokolea farasi 6. Farasi 6, kaka. Zaidi ya hapo hakuna.

MamaWawili
Sita?

FundiPistoni
Sita, mama.

Chumvi_Kurawa
Na kuna yule mzee wa New Zealand, Burt Munro. Mwaka 1967 alikuwa na miaka 68 na pikipiki yake ya 1920, akaweka rekodi Bonneville ya maili 183 na kitu kwa saa. Aliipanda mwenyewe. Wewe una miaka mingapi, Ganda?

Ganda_la_Mashua
44.

Ganda_la_Mashua
Samahani nimenyamaza siku tisa. Muuzaji amenirudishia sh 12,000, nyingine anasema zimekwisha, nimemwachia. 4E nimeipata Mtwapa, nimesimama pale mpaka kichwa kikafunguliwa mbele yangu. Pistoni za kiwanda.

Jana alasiri nimelipasua ganda katikati kwa grainda, kutoka pua hadi mkia. Kijana alikaa mlangoni, hakutaka kutazama. Vumbi la faibaglasi lilijaa banda zima. Tulipovuta nusu mbili zikaachana sentimita 14, akaja mwenyewe akaleta ubao wa kupimia. Nimeingia, viwiko vinapita. Mabomba ya kukinga kichwa yanakunjwa wiki hii kabla sijaunganisha chochote kingine, na bwawa nimelipima kwa msumari: mita 900 za kwanza ngumu, zilizobaki zinazama. Nitaanza na kilomita 120 kwa saa.

Dada nimemwambia. Hajaniongelesha tangu juzi, ila leo ametuma chakula.

Fundi, tairi nimepata 175/65R14 zenye H, za mwaka huu. Gia je?

FundiPistoni
Tairi hiyo ikizunguka mara moja inakwenda mita 1.83 hivi. Kwa 120 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 1,090 kwa dakika. Ukitaka injini iwe 5,500 hapo, uwiano wa jumla ni 5, yaani injini mara 5, gurudumu mara 1. Hesabu meno ya gia boksi uliyonunua, ya nne na ya tano, na ya difu, uyaandike hapa. Usikadirie, yahesabu kwa kidole.

Ganda_la_Mashua
Kijana anahesabu sasa hivi.