Nilimwaga dawa za misuli za mdogo wangu chooni, sasa hanyanyuki kitandani

Mama Ntilie wa Kabwe

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, mimi nikishika simu naandika kama ninavyoongea.

Nauza chakula karibu na Kabwe hapa Mbeya. Wali wa Kyela, maharage, Jumamosi makongoro. Naishi Mwanjelwa, chumba na sebule, mimi, mwanangu wa darasa la pili na mdogo wangu wa kiume wa miaka 24. Alikuja kutoka Tukuyu mwaka 2022, mwembamba kama ufito, akawa anapakia viazi kwenye malori ya Dar. Baadaye akapata kazi ya kusimama mlangoni kwenye baa usiku. Mwenye baa akamwambia kifua hicho hakimtishi hata mlevi. Hapo ndipo habari za vyuma zilipoanza.

Mwaka wa kwanza sikuona tatizo. Anakula ugali sahani mbili, ananyanyua vyuma vyake, analala. Mwishoni mwa mwaka jana, ndani ya miezi mitatu minne, akaumuka kama andazi lililozidishiwa hamira. Trei la mayai likawa linakwisha kwa siku tatu. Mgongo ukajaa chunusi kubwa kubwa, fulana zake nikizifua maji yanatoka mekundu. Mtaani wakaanza kumwita Miraba Minne, naye akapenda.

Sasa tabia. Huyu ndiye mtoto ambaye nyumbani akichinjwa kuku alikuwa anakwenda kujificha nyuma ya migomba asione. Mwezi wa nne alimtoa dereva bajaji kwenye kiti kwa sababu ya chenji ya shilingi mia mbili. Akawa haniamini hata mimi, ati nimewaambia majirani wamcheke. Saa tisa za usiku namsikia anapiga pushapu sebuleni. Halafu siku moja mwanangu alibadilisha chaneli, mjomba mtu akamrushia rimoti. Ilipasukia ukutani, karibu kabisa na sikio la mtoto. Mtoto hakulia. Aliyelia ni yeye. Nilimkuta kapiga magoti anatafuta betri chini ya kochi huku machozi yanamtoka, anarudia tu, "Sikutaka, dada, sikutaka."

Nikapekua. Chini ya godoro, ndani ya soksi, nikakuta vichupa vya kioo vyenye mafuta ya rangi ya alizeti na mabomba ya sindano, mengine yameshatumika. Nikavimwaga vyote chooni. Nilitegemea atanivunja mbavu. Alikaa tu kwenye ndoo, akaangalia mlango wa choo.

Hiyo ni wiki tano zilizopita. Wiki mbili za kwanza alikuwa kawaida, nikamshukuru Mungu. Ya tatu akaanza kulala. Sasa hivi haogi, kazini wameshamfukuza, na baridi hii ya Julai anajifunika blanketi mbili mchana kutwa. Akiamka anasimama kwenye kioo amevaa fulana tatu, anasema, "Nasinyaa, dada, nimebaki mifupa." Jamani, bado ana mabega ya kuziba mlango!

Jirani anasema karogwa na wenzake wa baa. Mimi swali langu ni moja: ni mimi niliyemfanya hivi kwa kumwaga? Nimtafutie tena?

Mchoma Mahindi Uyole

Dada, hiyo bangi. Steroidi, hizo dawa za misuli, mbona wadada wanameza kila siku wanenepe, umeshaona nani karusha rimoti? Na Ben Johnson, yule mkimbiaji wa Kanada, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 akiwa nazo mwilini, wakamnyang'anya medali, lakini sikusikia kampiga dereva bajaji. Mrudishe Tukuyu akachume chai mwezi mmoja, uvivu utamtoka.

Baunsa Mstaafu

Mchoma Mahindi, kaa na mahindi yako kwanza.

Dada yangu, mimi nilisimama milangoni Iringa na Makambako, nikajichoma kwa miaka minne. Nakuambia nilichokipitia.

Ile ya mafuta ni testosteroni, homoni ya kiume. Kichupa kimoja huwa miligramu 250. Hospitali, mwanaume aliyepungukiwa anachomwa hicho kimoja kila baada ya wiki mbili mpaka nne. Mimi nilikuwa nachoma viwili kwa wiki, baadaye vitatu, na nyingine nachanganya juu yake kwa ushauri wa jamaa wa vyumani ambaye hata form two hakumaliza. Tulikuwa tunaazimana mabomba. Hilo peke yake linanitia jasho nikilikumbuka. Namshukuru Mungu vipimo vyangu vilitoka salama, mwenzangu mmoja havikutoka.

Hasira ile haiji kama watu wanavyodhani. Mimi sikuwahi kujisikia nina hasira. Nilikuwa najisikia nina *hakika*. Kondakta akitabasamu, nina hakika ananidharau, na nina hakika nikimwacha nitakuwa si mwanaume. Pale Ipogolo nilipiga kioo cha daladala kwa ngumi, vipande vikabaki mkononi, na mpaka leo sikumbuki yule dereva alisema nini. Nilichokumbuka ni kwamba nilikuwa sahihi.

Halafu nikaacha siku moja, kama mdogo wako. Hapo ndipo utajua. Wiki ya tatu mwili unakuwa kama gunia lililoloana. Hamu ya kula hakuna, hamu ya mke hakuna, jogoo hapandi mtungi, na kifua kinauma ukikigusa maana nilishaanza kuota matiti. Mke wangu alidhani nina mwingine. Mara mbili nilirudi kwenye sindano, na sikurudi kwa ajili ya misuli. Nilirudi ili niweze kutoka kitandani. Mara ya tatu nilikwenda hospitali, nikakaa kama miezi minane ndipo nikawa mtu. Sasa nina mtoto, kwa hiyo usikate tamaa.

Usimtafutie. Lakini usimwache alale peke yake chumbani.

Tabibu wa Njombe

Mama Ntilie, pole sana. Mimi ni tabibu, sijamwona mgonjwa wako, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu anayeongea barazani.

Nianze na Mchoma Mahindi, maana kosa lake ni la wengi. Vidonge vya kunenepea ambavyo watu wananunua kienyeji mara nyingi ni deksamethasoni. Hiyo nayo inaitwa steroidi, lakini ni ya ukoo mwingine, ya kutuliza uvimbe na mzio. Haijengi misuli, inaila. (Na yenyewe inaweza kuvuruga akili, ila tuiache leo.) Anayochoma kijana ni homoni ya kiume. Ndani ya ubongo kuna sehemu zinazoshughulika na woga na hasira, na zina vipokezi vya homoni hiyo. Ukiijaza mwilini kwa wingi, breki zinalegea.

Si kwa kila mtu. Wamarekani walichapisha utafiti mwaka 2000, wanaume 50 wakapewa testosteroni mpaka miligramu 600 kwa wiki. 42 kati yao hawakubadilika sana, 6 walichangamka kupita kawaida, 2 walibadilika vibaya sana. Kwa hiyo Mchoma Mahindi anaweza kuwajua watu kumi wanaojichoma na wametulia, na mdogo wako akawa wa kumi na moja. Kumbuka pia kwamba mitaani wengi wanazidi hizo 600 na wanachanganya dawa. Kwa waliotumia miaka mingi, picha za ubongo zilizopigwa Norwei zimeonyesha gamba la nje la ubongo jembamba kuliko la wanyanyua vyuma wasiotumia. Kijana wa miezi michache simhesabu huko.

Sasa swali lako. Hukumfanya wewe. Homoni ya sindano inapoingia kwa wingi, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Zinalala, mara nyingine zinasinyaa kabisa. Ukisimamisha sindano, ile iliyomo kwenye mafuta inaendelea kuvuja taratibu, ndiyo maana wiki mbili za kwanza ulimwona mzima. Ikiisha, ya sindano hakuna na ya kwake haijaamka. Inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Katika pengo hilo anakaa mtu asiye na nguvu wala furaha wala sababu ya kuoga, na wengine wanafikia kutaka kufa. Kile kioo na fulana tatu ni ugonjwa mwingine unaotembea na huu: mtu ni mkubwa, macho yake yanamwonyesha kijiti.

Ningependa aachishwe akiwa mkononi mwa daktari, lakini yaliyomwagika yamemwagika. Mpeleke hospitali ya rufaa, kitengo cha afya ya akili, na useme sindano zilikuwa za nini, msifiche. Wapime homoni, ini, presha, virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na wingi wa damu, tafadhali. Testosteroni inauamuru mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi, na sisi wa Nyanda za Juu damu yetu tayari iko juu kidogo kwa sababu ya hewa nyembamba. Hapo Mbeya mko kama mita 1,700. Damu ikiwa nzito mno inaganda mahali isipotakiwa.

La leo, kabla hujalala. Muulize kwa maneno haya haya: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Na kwa kuwa ninyi ni watu wenye shamba, tafuta dawa yoyote ya kupulizia viazi au nyanya iliyomo ndani ya nyumba, itoke. Akikujibu ndiyo, usisubiri asubuhi.

Mchoma Mahindi Uyole

Nimesoma. Nafuta kauli ya uvivu. Ya bangi naibakiza kwanza.

Mama Ntilie wa Kabwe

Wapendwa, ndaga fijo, asanteni sana. Nilikaa kimya siku nne, mtanisamehe.

Nilimuuliza usiku ule ule. Nilikuwa nimeinjika chai, nikamuuliza kwa mgongo maana usoni nilishindwa. Akanyamaza mpaka sufuria ikaanza kufurika. Akasema, "Ndiyo. Mara mbili." Nikazima jiko. Nikamuuliza na nini. Akanyoosha kidole uvunguni.

Chupa ya dawa ya nyanya ya mama. Niliileta mimi mwenyewe mwezi wa tatu nimpelekee Tukuyu, nikaisahau. Mdogo wangu alikuwa anajua ilipo na mimi sijui. Nimempa jirani aifungie, yule yule aliyesema karogwa, na hakuuliza neno. Akaja kukesha na sisi na karanga zake.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshafika. Kijana alikataa kushuka kwenye bajaji, anaona aibu kuonekana mdogo. Dereva akamwambia, "Kaka, wewe ukishuka na hii bajaji itashukuru." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, akashuka.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo tu, nikaogopa, lakini alijua kuuliza. Alimtoa mlinzi nje, mimi akaniacha. Walimlaza siku tatu. Hemoglobini yake, ule wingi wa damu, ilikuwa 19 na pointi, juu mno, kwa hiyo wakamtoa damu chupa moja. Vipimo vya virusi vimetoka safi, vinarudiwa baada ya miezi mitatu kwa sababu ya mabomba. Wamempa vidonge vya sonona na wamesema vitachelewa kufanya kazi, nisivikatie tamaa wiki ya kwanza. Na bangi walipima, Mchoma Mahindi. Hakuna.

Baunsa Mstaafu, nimemsomea maneno yako yale ya hakika. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akageukia ukutani, baada ya muda akasema mwambie huyo kaka na mimi dereva bajaji simkumbuki alisema nini.

Jana mwanangu aliingia na rimoti iliyofungwa na selotepu, akaiweka kwenye mkono wa mjomba wake, akakaa upande wa pili wa kochi, mbali. Waliangalia katuni.

Sasa naomba kuuliza. Kile kipimo cha homoni wameniambia hakifanyiki pale kila siku, nirudi wiki ijayo au niende cha binafsi. Mliowahi kukifanya hapa Mbeya, mlilipa shilingi ngapi? Na je, lazima aende bila kula, maana jana usiku ameomba makongoro na sitaki kumnyima.