Fulbright FLTA: miezi tisa ya kufundisha Kiswahili Marekani bila kurudi na digrii, ina faida gani?

mwl_kibaha
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27, digrii ya ualimu (Kiingereza na Kiswahili). Nafikiria kuomba FLTA (mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, unaopeleka walimu vijana kufundisha lugha yao kwenye vyuo vya huko) dirisha likifunguliwa. Kila tangazo linasema lengo ni "maelewano ya tamaduni". Kwa vitendo hiyo ina maana gani? Na maombi mengi huangukia wapi?

ngeli_ya_kumi
Mkuu, tuanze na masharti. Umri ni 21 hadi 29, na uwe na digrii ya kwanza. Utafundisha au kumsaidia profesa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe utasoma angalau masomo mawili kila muhula, mojawapo likihusu Marekani. Viza ni J-1, ile ya wageni wa mipango ya kubadilishana, kwa fomu DS-2019 inayothibitisha kwamba umo kwenye mpango. Kanuni za viza hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi la mwaka huohuo, usitegemee la mwaka juzi.

Kinachowaumiza watu ni kanuni ya miaka miwili. Kwa kuwa fedha ni za serikali ya Marekani, hutapata viza ya kazi ya H-1B wala ukaazi wa kudumu mpaka uwe umekaa nyumbani jumla ya miaka miwili. Kwenda huko tena kutembea au kusoma, kanuni hii haikuzuii. Halafu kuna fomu 8843 ya watu wa kodi: unaijaza hata kama hukulipwa mshahara, na wengi huisahau.

Maombi huangukia kwenye insha. "Nitaonyesha utamaduni wetu mzuri" haimwambii msomaji kitu. Na ukiandika kwamba unataka ukifika huko uunganishe na shahada ya uzamili, umejikata mwenyewe, maana mpango huu si wa digrii na unakutaka urudi.

Bi_Mkwajuni
Nami nijibu hilo la maelewano, maana wengi hudhani ni kuvaa kanga na kupika pilau kwenye usiku wa utamaduni. Pika ukitaka, lakini kazi yenyewe iko darasani.

Chukua somo la saa. Andika ubaoni: "Tukutane saa tatu asubuhi." Wanafunzi watashangaa, mkutano gani huo wa usiku wa manane? Sasa chora saa ya mishale, mshale mfupi kwenye 9, uwaambie wasome namba iliyo upande wa pili. Ni 3. Walimu wengi huishia hapo: "ongeza sita", basi. Wanapoteza somo zuri kuliko yote. Ngoja waulize kwa nini. Kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, ndiyo maana kuhesabu kuanzia alfajiri kunafaa. Madison, Wisconsin, Desemba jua linatoka saa moja imeshapita. Juni hata saa kumi na moja na nusu haijafika. Mtu wa huko angeanzia wapi? Hapo mwanafunzi anaona kwamba hata kuanza siku usiku wa manane ni mapatano tu ya watu.

(Ukiwa na darasa la mwaka wa pili, waongezee hili: kwa wazee wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi.)

mtu_wa_bara
Sikatai, ila msimpambie. Yeye ndiye atakayevuka maji, na wengi wa wanafunzi wake hawatafika Tanzania. Na mshtuko humpata yeye: mtu anamwuliza hali koridoni bila kusimama kusikia jibu, mwanafunzi anamwita profesa kwa jina lake la kwanza. Si dharau. Ila "saa za ofisi" zilizoandikwa kwenye mpango wa kozi, yaani muda ambao profesa hukaa ofisini kuonana na wanafunzi, uzihudhurie hata kama huna tatizo. Kwao kukaa kimya si adabu, ni kutojali.

ngeli_ya_kumi
Ni kweli. Jambo jingine: darasani unaweza kukuta vijana waliozaliwa katika familia za wakimbizi kutoka Kongo. Watasema "batoto" badala ya "watoto". Ukiwapiga kalamu nyekundu tu, wataacha somo, na ndio wenye masikio mazuri kuliko wenzao. Waonyeshe Kiswahili sanifu kama aina ya pili ya lugha waliyo nayo tayari.

mwl_kibaha
Ahsanteni sana. Hilo la saa nalitumia kwenye insha. Barua ya mkuu wa shule inatosha kama mdhamini mmojawapo?

Bi_Mkwajuni
Inatosha iwapo amewahi kukuona ukifundisha. Asiyewahi kuingia darasani kwako ataandika "ni mchapakazi na mwadilifu" na kuishia hapo. Mwombe akae nyuma kipindi kimoja, dakika 40, ndipo aandike. Na usimwandikie wewe: barua mbili zenye sentensi zilezile hugundulika haraka.