Kujitolea na kikundi cha ndege na mazingira huku Ujerumani, kuna mtu ashawahi?

KijanaWaPangani
Wakuu habari za wikiendi. Nipo Ujerumani mwaka wa pili sasa, nasomea unesi kwenye kamji fulani kadogo huku kaskazini, ikifika saa moja jioni mtaani unabaki wewe na taa za barabarani. Sasa kuna bibi jirani yangu wa ghorofa ya chini, juzi kanikamata kwenye ngazi akaniambia yeye yuko kwenye kikundi cha NABU cha hapa, wale watu wa ndege na mazingira, na mwezi wa tatu baridi ikianza kukatika wanatafuta watu wa kusaidia. Nikamuuliza kazi gani, akasema kubeba vyura. Nikajua Kijerumani changu ndo kimenitupa, nikamwambia samahani rudia, akarudia polepole kama anaongea na mtoto: vyura, usiku, kwenye ndoo, unawavusha barabara.

Najua hawalipi, hiyo sina shida, nataka kupata watu wa kuongea nao maana lugha haipandi kwa kukaa chumbani. Ila maswali yangu ni haya, lazima uwe mwanachama? Na mimi mtu mweusi usiku pembeni ya barabara na tochi na ndoo, si nitaitiwa polisi? Halafu vyura wenyewe nawaogopa tangu utoto, sidanganyi.

KibokoYaBaridi
Umetoka Pangani yote hiyo umeenda kuwa konda wa vyura 😂😂 sogea nyuma kuna nafasi, wawili wawili jamani

MamaJunior_Hannover
Mdogo wangu usiwasikilize hao, nenda. Mimi huu ni mwaka wangu wa nne na nilianza hivyohivyo, nilifuata lugha.

Iko hivi. Vyura wa huku wanalala miezi ya baridi chini ya majani msituni, usiku ukianza kuwa na joto kidogo, kama nyuzi 5 kwenda juu, na mvua imenyesha, wanaamka na kurudi kwenye bwawa walikozaliwa kwenda kutaga. Sasa katikati wanadamu wamepitisha lami. Kwa hiyo kikundi kinaweka uzio mfupi wa plastiki kandokando ya barabara na kufukia ndoo usawa wa ardhi, chura akikutana na uzio anaufuata anaufuata mpaka anadumbukia. Asubuhi na jioni mnapita, mnawatoa, mnahesabu dume ngapi jike ngapi, mnaandika kwenye fomu, mnawavusha. Ndo hiyo tu. Madume ni wengi kuliko majike na wengine wanakuja wamepanda mgongoni kwa jike kabisa hawataki kushuka, hao usiwatenganishe, wavushe hivyohivyo na ndoa yao.

Kitu ambacho hawatakwambia mapema: USIPAKE MAFUTA mikononi. Najua sisi bila losheni hatutoki nyumbani, lakini ngozi ya chura inanyonya kila kitu. Vaa glavu uzilowanishe kwanza, au mikono mitupu iliyolowa maji. Ukimaliza nawa.

La polisi sitakuficha, mwaka wangu wa kwanza mtu alipiga simu kweli, wakaja wawili wakanimulika, nikawaonyesha ndoo, mmoja akacheka mwenzake akataka kitambulisho. Iliniuma. Tangu siku hiyo siendi peke yangu na sitoki bila kizibao cha reflekta chenye nembo ya kikundi. Mwambie bibi yako akupangie zamu na yeye, kwanza kwa usalama wa magari tu ni vizuri kuwa wawili. Uanachama kwetu hawakunilazimisha, nilijiunga baadaye kwa hiari, na bima wakati wa kazi kikundi kilikuwa nayo, ila ulizia ya kwenu.

Sisimizi_84
Angalizo kwa wanaosoma kimyakimya: hii ni ya kujitolea ya jioni na wikiendi, haihusiani na Bundesfreiwilligendienst ile ya mwaka mzima yenye posho. Msianze kumjazia jamaa inbox mnamuuliza viza.

MzeeWaViota
Mama Junior kamaliza upande wa vyura. Mimi niko Mecklenburg, kwetu kazi kubwa ni ndege. Vijumba vya mbao vinasafishwa kabla baridi haijaisha maana ndege wakishaanza kutaga husogei. Hata kukata ua wa miti huku sheria inakataza kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 30 Septemba, kupunguza matawi kidogo tu ndo ruksa. Na tundu la kijumba si la kubahatisha: milimita 26 mpaka 28 ni za vindege wadogo kabisa, 32 anaingia mkubwa kidogo, 45 ni za kwezi wa huku. Mwaka juzi nilitoboa kubwa kwa uvivu wa kutafuta biti sahihi, kigong'ota akaja akala makinda yote. Nilijisikia vibaya wiki nzima.

Ila kilichonifanya nibaki ni korongo. Zamani Wazungu walikuwa hawajui ndege wanaenda wapi baridi ikiingia, wengine walisema mbayuwayu wanajifukia kwenye tope chini ya maziwa. Sasa mwaka 1822 kijijini huku karibu na Klütz wakamtungua korongo mweupe, wanakuta ana mkuki umepita shingoni, mkuki wa Afrika, wa mti, zaidi ya nusu mita. Mtu kule kwetu alimchoma, ndege akaruka nao hivyohivyo mpaka Ujerumani! Mpaka leo yupo amekaushwa chuo kikuu cha Rostock, mkuki wake shingoni. Nilimuangalia nikajisemea huyu ndugu tumetoka safari moja.

KibokoYaBaridi
Mzee yule jamaa aliyerusha mkuki mpaka leo anasubiri kitoweo chake

Watamu_Boy
Niko Kenya lakini acha niongeze yangu. Hapa Mida Creek mwezi wa tatu na wa nne ndio tunawaaga hao wageni wenu. Kuna vile vindege vya matopeni vyenye mdomo umepinda chini, mwezi wa kumi na mbili ni vya kijivu hata huwezi vitambua, saa hii vimeanza kuwa vyekundu kifuani na vinakula kama vilikuwa vimefunga, maji yakitoka tu viko kazini, vinanenepa vya kwenda mpaka Siberia. Mbayuwayu nao wale wa mkia wa panda wanapanga foleni kwa nyaya za stima, siku moja unaamka hawapo. Kwa hivyo bro mkiwaona huko mtuambie wamefika salama.

KijanaWaPangani
Nimerudi na mrejesho. Nilienda Jumanne, mvua ya rasharasha, nyuzi 8. Bibi kanivalisha kizibao cha marehemu mumewe kinanifika kiunoni tu. Ndoo ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya tatu namulika naona macho ya rangi ya dhahabu manne yananitazama. Nilisimama pale kama dakika nzima. Bibi wala hakunihimiza, kashika tochi tu kanyamaza. Nikamshika mmoja, baridi kama kitumbua cha jana, na dume ukimshika kumbe analia, kwik kwik kama kifaranga, nikamwachia bibi akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Jumla 37, madume 29. Gari tatu zilipunguza mwendo, moja ilishusha kioo wakatupa pole ya mvua, polisi hawakuja.

Kesho zamu yangu ya asubuhi saa kumi na mbili kabla ya shifti. Mama Junior, mabuti ya mpira saizi 46 napata wapi ya bei ya mwanafunzi? Raba zangu zimekufa.