Waifai ya nyumbani Tanga: ibaki, au tuvute waya?

Mwambao: Wana Tanga, naomba tulijadili hili. Nyumba yetu Ngamiani ni ya zamani, kuta nene za mawe. Ruta iko sebuleni, vyumba vya uani haifiki kitu. Ikifika saa mbili usiku majirani wote wamewasha, hata sebuleni video inakwama. Tunalipia mwezi mzima, tunatumia nusu. Mimi naona bora waya. Mnasemaje?

Fundi Chumbageni: Mawe yanakula mawimbi, hilo halina ubishi. Masafa ya waifai ya GHz 5 yana kasi ila ukuta unayashinda. Ya GHz 2.4 yanapenya zaidi, lakini ndiko mtaa mzima mlikojazana, na chaneli, yaani njia za ndani yake, zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Maikrowevu nayo inavuruga hapohapo. Halafu watu wa Ngamiani neno la siri mnaligawa kama kahawa ya barazani, intaneti itaachaje kuwa nzito?

Barabara ya 12: "Watu wa Ngamiani" ndio nani? Mama yangu kampa mtoto wa jirani afanye kazi za shule. Kosa lake nini? Nyie wa mageti hata chumvi hamuombani.

Bi Mkubwa Mabawa: Wanangu, na afya je? Shirika la Afya Duniani si lilishasema mawimbi haya yanaleta saratani?

Fundi Chumbageni: Hapana Bi Mkubwa, shikamoo. Mwaka 2011 kitengo chao cha saratani kiliyaweka kundi 2B, yaani "huenda", kwa ushahidi mdogo. Na wewe wa Barabara ya 12, Chumbageni kwetu hakuna geti. Nasema hivi: aliye ndani ya mtandao wako, ruta ikiwa bado na admin/admin, yaani jina na neno la siri la kiwandani, anabadilisha anachotaka. Akitapeli watu humo, wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Barabara ya 12: Mtoto wa darasa la sita atapeli nani? Umemtukana mama yangu, sasa unajificha kwenye sheria.

Mwambao: Jamani, waya wa kutoka sebuleni hadi uani unapitaje kwenye ukuta wa mawe?

Fundi Chumbageni: Mama sikumtaja. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, uliotengwa na ule wa nyumbani, aufungue, mtoto asome humo.

Barabara ya 12: Huo nitaufungua leo. Ila neno la kahawa lifute.